Bafu Tulilomjengea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alianguka bafuni mwaka wa pili baada ya mimi kuolewa. Nasema bafuni kwa sababu ndivyo tulivyopaita. Kwa kweli palikuwa ni uzio wa mabua na vipande vya bati nyuma ya nyumba, na chini jiwe moja pana la kusimamia. Jiwe lile lilikuwa limeota ukoga wa kijani, na kwetu huku milimani, juu ya Same, mvua za masika zikianza kitu hakikauki mpaka uanze kusahau jua. Alimaliza kuoga, akakanyaga vibaya, akaangukia mkono wa kulia. Nilimsikia nikiwa jikoni nachambua maharage ya makande.

Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda, na vidole havikukunjika tena sawasawa. Kilichokuwa kibaya zaidi ni hofu. Hakuthubutu tena kuingia mle peke yake, ikawa mimi ndiye wa kumwogesha.

Aliyelelewa kwetu anajua hilo lilikuwa jambo gani. Mkwe hamtazami mkwe wake akiwa mtupu. Na huyu hakuwa mwanamke wa kushikwashikwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefiwa na mume mapema akaiendesha kahawa yake mwenyewe, na wanaume walipokutana kugawana maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, walimwachia nafasi ya kusema. Sasa kila jioni alikuwa akigeuzia uso kwenye uzio, mimi nikitazama juu, namwagia maji kwa kata huku tukizungumza habari za mbuzi na za mibuni ili tusiisikie aibu iliyosimama kati yetu. Siku moja aliniambia bila kugeuka, "Mwanangu, kama ingekuwa hiari yangu, ningekaa hivi hivi bila kuoga mpaka nizikwe."

Nilimweleza mume wangu aliporudi. Alikuwa karani katika stesheni ya reli ya Same, akishuka kazini mwanzo wa juma na kupanda mlima mwisho wa juma. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutunza ufunguo wa chumba cha kunawia cha abiria wa daraja la kwanza. Mlikuwa na beseni jeupe la kauri, bomba linalong'aa na kioo ukutani. Kilikuwa chumba cha Wazungu. Haikuandikwa mlangoni, lakini wakati ule wa Mwingereza hatukuhitaji kuandikiwa. Mume wangu alikifungua, alikagua usafi wake, alikifunga. Mwenyewe alinawa kwenye pipa nyuma ya ghala la mizigo.

"Tumjengee bafu ndani ya nyumba," alisema baada ya kunisikiliza. "Kahawa imetulipa vizuri mwaka huu. Tulifanye kama lile la stesheni."

"Lile la stesheni si la kumfaa mama," nilimwambia. "Letu liwe zuri kuliko lile."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Basi chagua wewe. Kila kitu. Mimi kazi yangu itakuwa kubeba."

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, aliyoiacha baba mkwe, na pembeni mwa chumba cha mama palikuwa na stoo ya mahindi. Hiyo ndiyo tuliyotaka kuigeuza. Mama alipinga kwanza. Maji machafu ndani ya nyumba ya mume wake, alisema, ni mambo ya watu wasio na uwanja. Sikubishana naye. Nilimwuliza tu maji hayo angependa yaende wapi. Akanyanyuka, akatoka nje na fimbo yake, akachora mstari kutoka ukuta wa stoo mpaka kwenye migomba. Nilipoona anachora nilijua amekubali.

Kabla ya kwenda kununua chochote nilimtazama kwa siku kadhaa anavyotembea, anavyokaa na kuinuka. Niliona kwamba akiinuka hutafuta kitu cha kushika kwa mkono wa kushoto. Niliona pia kwamba hawezi kuzungusha kitu. Hata kifuniko cha chupa ya mafuta alinipa mimi. Niliyaweka yote hayo kichwani.

Tulipanda treni kwenda Moshi. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa la Mhindi mmoja mnene, mpole, aliyezoea kuuzia mashamba ya mkonge na misheni. Alimsalimu mume wangu, akamwuliza anataka nini. Mume wangu akasema, "Mwulize mama. Yeye ndiye mwenye kazi." Mwenye duka akanigeukia taratibu, kama mtu aliyeambiwa asome barua iliyopinduliwa.

Alinionyesha vigae vyeupe, vizuri mno, vinavyoakisi mlango na watu wanaopita nje. "Hivi vinatandikwa sakafuni," alisema. "Hata meneja wa mkonge anachukua hivi hivi."

Niliomba aviweke chini, kisha nikaomba maji na kipande cha sabuni. Alidhani nataka kunawa, akaagiza nikaletewa. Nilivua viatu, nikavimwagia vile vigae maji, nikavipaka sabuni, nikapanda juu. Mguu ulikwenda zake. Kama mume wangu asingenidaka kwapani, ningelala katikati ya duka mbele ya wateja.

"Mama, unaniharibia duka," alisema mwenye duka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Hivi nitachukua vya ukutani," nilisema nikivaa viatu. "Sakafu nitaitafuta kwingine. Nionyeshe mabomba."

Mabomba yalikuwa mengi, ya kuzungusha, yenye vichwa kama maua. Nilikataa yote. Nilimweleza nataka linalofunguka kwa kusukumwa, hata kwa kiganja au kwa kiwiko. Alisita, akasema hayo ni ya hospitali, madaktari huyafungua wakiwa na mikono misafi. Nikasema hayo hayo ndiyo ninayotaka. Akaenda nyuma, akakaa sana, akarudi na bomba la shaba lenye mkono mrefu, zito, limefungwa karatasi ya mafuta. Nililisukuma kwa ngumi. Lilikwenda kama mlango uliotiwa mafuta. Sijui kama niliwahi kupenda kitu cha dukani namna ile, hata kitambaa cha gauni la harusi.

Tulichagua na fimbo ya kushikia ya shaba. Ya chuma iliyopakwa rangi ilikuwepo, lakini rangi hubanduka na chuma kikishika kutu kinakwaruza kiganja. Tulichagua kioo cha dirisha chenye ukungu, cha kuingiza mwanga bila kumwonyesha mtu. Na beseni, jeupe, pana, kubwa kuliko la stesheni. Hilo mume wangu alilipima mwenyewe kwa mikono yake miwili, akaridhika, na mimi nikajifanya sijamwona.

Lori lilitufikisha mwisho wa barabara. Kutoka pale kwenda nyumbani ni njia ya miguu tu. Saruji ilipanda kwa punda. Vigae tuligawana wanawake wa ukoo, kila mmoja na furushi lake kichwani, na tulipokuwa tukipumzika walivifunua na kujitazama. Beseni alilibeba mume wangu mgongoni, limefungwa majani ya migomba na magunia, akakataa kupokewa mpaka uwanjani.

Sakafu ndiyo iliyoleta mabishano. Tulikuwa tumemwita mwashi kutoka Makanya, mzee wa Kiislamu aliyejenga nyumba nyingi za wafanyabiashara kule bondeni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, binti," akaingia stoo, akagongagonga kuta, akatoka na uamuzi wake: sakafu nyekundu ya saruji, iliyopigwa hadi ing'ae.

"Nyumba zote za maana Same zina sakafu hiyo," alisema.

"Na zikimwagikiwa maji?"

"Watu wanatembea polepole."

"Mzee, huyu mama ameshatembea polepole vya kutosha."

Nilimweleza nilichokitaka. Nilipokuwa msichana niliishi Tanga kwa mjomba wangu aliyekuwa mpishi wa tajiri mmoja, na kibaraza cha nyumba ile kilikuwa cha mawe madogo madogo yaliyomwagwa kwenye saruji kisha yakasuguliwa. Nilitaka kama kile, ila kwa mawe ya kwetu. Tulikuwa nayo mtoni, meupe kama sukari, ya kijani, na mengine mekundu yaliyoiva kama matunda ya kahawa. Mwashi alisema amewahi kuifanya kazi hiyo ila ni ya kusugua sana na inakula siku. Nikamwambia siku tunazo.

Alitengeneza vipande vya majaribio kwenye ubao, kimoja kikiwa na mawe mengi meupe, kingine mchanganyiko, kingine mawe yamesimama juu kidogo ya saruji. Tulipovileta uwanjani, mama mkwe wangu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa pembeni kama jambo halimhusu, alivua kandambili zake za ngozi akakanyaga kimoja baada ya kingine. Nilimwagia maji. Akarudia. Akasimama kwenye kile chenye mawe yaliyosimama, akainua mguu mmoja, akaushusha.

"Hiki kinanishika," alisema. "Ila ongezeni mekundu. Meupe peke yake yanafanana na kaburi."

Basi ikawa hivyo. Wanawake tulikwenda mtoni kuokota mekundu, mama akiyachambua uwanjani na kuyatupa asiyoyapenda. Pembeni, penye beseni, mwashi alisugua mawe mpaka yakawa laini kama yai. Pale pa kuogea aliyaacha yamesimama kidogo ili nyayo ziyahisi. Ukutani vilipanda vigae. Mwashi alitaka kuweka ile fimbo ya shaba kulia, kama alivyozoea. Nilimwomba aiweke kushoto, na kimo chake akakipima mama mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi la jiwe moja tulilolichongesha. Maji ya chemchemi yaliletwa kwa bomba kutoka juu ya shamba, mengine yakipita kwenye pipa lililojengewa jiko kwa nje, ukikoka kuni nje maji ya moto yanatoka ndani. Mlango ulikuwa wa mvule, nao ulifungwa kwa komeo la kusukuma.

Siku ya kwanza nilikoka kuni, nikamwandalia taulo na sabuni, nikasimama ndani nikingoja kama kawaida. Aliingia, akatazama huku na huku, akaligusa bomba kwa kiwiko. Maji yakatoka. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Toka," aliniambia.

Nikatoka. Nikasikia komeo likisukumwa. Nilikaa barazani karibu na mume wangu. Tulisikiliza maji. Yalimwagika kwa muda mrefu sana, mpaka mume wangu akaanza kunyanyuka, nikamshika mkono. Kisha tukasikia kitu ambacho mimi sikuwahi kukisikia tangu niingie nyumba ile: mama alikuwa anaimba, wimbo wa kanisani, ubeti wa pili tu, akiurudia. Mume wangu aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Watu walikuja kutazama. Walikuja wa kanisani, wa ndiva, hata ndugu wa Ndungu, kule bondeni, waliopanda kuuza mchele walipitia kwanza kwetu. Mama aliwaonyesha yeye, si mimi. Aliwaambia, "Hii kazi ya mkwe wangu. Alikwenda Moshi akaoga kwa miguu dukani," na mimi nilikuwa nasimama nyuma nikijitia kushughulika na vyombo, nikisikia kila neno.

Masika yaliyofuata alifika bwana shamba Mzungu kukagua ugonjwa wa mibuni. Mvua ilimpiga shambani, akaja uwanjani ametapakaa tope mpaka magotini, akauliza kwa Kiswahili chake kama angeweza kupata maji ya kunawa. Mume wangu alikuwa mapumzikoni. Aliufungua ule mlango wa mvule, na mama kutoka kwenye kiti chake akasema, "Mwambie avue buti."

Alivua. Alinawa, akakaa mle kidogo, akatoka akiuliza sakafu ile tumeinunua wapi.

"Haikununuliwa," mama alijibu. "Imeokotwa."

Mume wangu alimkabidhi taulo. Mara nyingi nilikuwa nimemwona stesheni akiwafungulia watu kama yule, mikono ikiwa nyuma na uso usioonyesha lolote. Siku ile alisimama wima mlangoni pake kama mwenyeji yeyote, akamwuliza mgeni kama atakunywa chai.

Mwishoni mwa mwaka nilijifungua mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa dhaifu, nikafikiri tutamwita shangazi aje kumwogesha mtoto. Mama alikataa. Alikoka kuni mwenyewe, akaingia na mjukuu wake, akakaa kwenye benchi, akamlaza mapajani na kumkinga kwa ule mkono uliopinda, kwa kiwiko akafungua maji. Aliuacha mlango wazi, akaniita nisogee nitazame.

"Njoo uone," alisema, "unamshika hivi, kichwa kiegemee hapa."

Nikakaa kwenye mawe mekundu, miguu peku, nikatazama.