Miraba ya Mkono wa Kushoto

Kwa nini shangazi yangu, aliyenichapa kofi la mkono kila nilipoinua tonge kwa kushoto, aliuruhusu mkono huohuo ushike kulabu ya kufumia? Nina shahada na nina mvi, lakini jibu bado sina.

Enzi zetu pale Mvumi, Kilosa, hakuna aliyenunua uzi mpya. Tulifumua masweta ya mitumba yaliyochakaa, tukafua nyuzi na kuzianika zikiwa zimefungiwa jiwe kwa chini ili zinyooke. Kulabu zilitokana na spoki alizotuchongea fundi baiskeli. Mchana, vyombo vikishaoshwa, wasichana tulikaa mkekani ubavuni mwa shangazi kujifunza miraba: mnyororo mfupi uliofungwa duara, kisha vishada vya mishono mitatu mitatu, rangi juu ya rangi, hadi pembe nne zisimame. "Uzi ubembeleze," alizoea kusema. "Ukiukaba, nao utakukaba."

Leo nafundisha Mikumi, na najivunia kila anayetoka kwangu akijua kufuma. Lakini vijana hawa! Wakikosea huigombeza video iliyo kwenye simu, na siku ya kwanza tu hutaka kurudi nyumbani na mkoba. Sisi tulilala na harufu ya sufu vidoleni, tukiona tumetajirika kwa mraba mmoja.

Mwaka mmoja tulifuma tandiko la kitanda la Tabu, bintiye shangazi, aliyekuwa akiolewa Munisagara. Kila msichana wa ukoo alitakiwa kutoa mraba. Kukosa kulikuwa sawa na kutoalikwa arusini. Wangu, nilioufuma kwa mkono wa kulia kwa kuogopa kofi, ulijikunja kama kofia. Nilipojificha nikajaribu kwa kushoto, kila hatua ya shangazi niliyoikumbuka ilinijia kinyume, nikafunga fundo tupu.

Tabu akanifuma nikihangaika, akanivuta hadi mkekani. "Mama, mashoto huyu atanilaza juu ya vinundu." Wenzangu wakacheka hadi mkeka ukatikisika.

Shangazi hakucheka. Aliutazama mraba, kisha akaitazama mikono yangu.

"Tandiko halifungwi bila mraba wake," alisema. "Kesho tutaanza upya."

Asubuhi, kabla ya chai, hakukaa ubavuni mwangu. Aliketi kunikabili, magoti yake yakigusa yangu, na mkono wake wa kulia ukawa mbele ya wangu wa kushoto, kama mtu na kioo chake.

"Haya, mwanangu, nifuate."

Nikaingiza kulabu.