Mojirade Achagua Gari kwa Masikio

Mojirade alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na mwenyewe hakujua. Upande ule wa mji wa Ogbomoso waliokuwa wakisagiwa pilipili kwake walijua wote. Ukimpelekea bakuli lako la kunde zilizorowekwa, akakuuliza tu, "Laini, au ya kukwaruza?", majirani wa barabara ya pili walishafahamu kwamba leo kwenu mnakaanga akara, zile bajia za kunde.

Hakuwa mkali hata kidogo. Ila tangu usichana wake alisimama kando ya mashine ya kusaga aliyorithi kwa shangazi yake, na injini yake ya dizeli haikuwa na adabu. Ilinguruma tangu asubuhi mpaka jua linatua, ikitikisa mabati, ikitikisa meno. Mojirade alichumbiwa akiwa kando ya injini ile. Watoto wake watatu walilelewa mgongoni mwake hapo hapo, wakilala fofofo katikati ya ngurumo.

"Mama Ibidun, punguza sauti, tuko hapa mbele yako, hatuko Lagos," wateja walimtania.

"Nani anapiga kelele? Masikio yenu ndiyo laini kama ya panya."

Mumewe, Oyekanmi, alikuwa dereva wa lori la maji la serikali, mtu mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Nyumbani aliongea zaidi kwa nyusi na kichwa. Mojirade aliamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. "Mume wangu ni mfuko wa saruji," aliwaambia wanawake sokoni, bila ubaya. "Ukiuweka hapa asubuhi, jioni unaukuta hapo hapo."

Oyekanmi alipostaafu, binti yao wa kwanza, Ibidun, alikuwa amejifungua mapacha huko Ilorin, na goti la mzee lilikuwa limekataa kabisa kukunjwa ndani ya mabasi madogo ya abiria. Ndipo mfuko wa saruji ukasema neno.

"Nataka tununue gari."

Alikuwa amelifikiria siku nyingi. Liwe la ukubwa wa kati, la milango minne. Kiti cha nyuma kikae watu watatu bila kugombana, na buti limeze gunia la viazi vikuu likiwa limelala. Gari la jipi hakulitaka; jipi, alisema, ni la wanasiasa. Na liwe tokunbo, lililokwisha kutumika ng'ambo, maana gari jipya ni la mtu aliyechoka kuishi na pesa zake.

Mojirade alikunja uso. "Mashine nimerithi. Kitanda tumekinunua mnadani. Hata sufuria yangu kubwa ilikuwa ya marehemu mama yako. Mara moja tu, Baba Ibidun, nione kitu ambacho hakijaguswa na mtu. Kununua si lazima. Nikione tu."

Oyekanmi aliinua nyusi, akazishusha. Maana yake ilikuwa: haya.

Basi wakaenda Ibadan, kwenye jumba la vioo linalouza magari mapya. Sakafu iling'aa hivi kwamba Mojirade alivua kandambili mlangoni, na msichana wa mauzo akaja mbio kumwambia, "Mama, vaa tu viatu, hakuna tabu."

"Na hili ni la nani?" aliuliza Mojirade, na kila aliyekuwamo mle ndani akageuka.

"La yeyote atakayelilipia, mama," alisema msichana, akicheka.

Gari lilikuwa na rangi ya samaki mbichi. Mojirade alilizunguka taratibu, mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa. Alijiona kwenye mlango, akajiona kwenye boneti, akajiona tena kwenye buti, kila mahali akiwa mnene kidogo kuliko anavyojijua. Msichana akawafungulia.

"Kaeni, mzee. Kaa, mama. Kuangalia ni bure."

Oyekanmi aliingia upande wa usukani, Mojirade kando yake. Msichana akafunga mlango wa mzee, akaja akafunga wa mama. Mlango ukajibana kwa mlio mdogo, kama mtu amemeza mate. Halafu dunia ikaondoka.

Msichana alikuwa bado anaongea nje ya kioo. Midomo ilicheza tu. Barabarani lori la saruji lilipita likitoa moshi mweusi, nalo lilipita kama picha. Mojirade alishikwa na hofu. Alidhani masikio yake, ambayo watoto walikuwa wakimwambia kila siku ayapeleke hospitali, yamekufa saa ile ile. Akainua mkono ajipige sikioni, na bangili zake zikagongana.

Akazisikia. Alizishusha, akazitikisa tena, akazisikia tena. Akasikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Akasikia pia mlio mwembamba, wa mbali, kama mbu aliyepotea chumbani, akatambua kwamba ule ni mlio wa mashine yake, ameubeba kichwani kutoka Ogbomoso hadi hapa, na huenda anaubeba hata usingizini.

Na chini ya mlio huo palikuwa na sauti nyingine.

Ilikuwa nzito na ya chini, ikienda na kurudi, haina haraka. Alidhani ni redio. Alitazama dashibodi, imezimwa. Ndipo akageuza kichwa. Oyekanmi ameshika usukani kwa mikono miwili, macho ameyatupa mbele kupitia kioo, ukutani ambako hakuna kitu ila kalenda, na amesahau kabisa kwamba hayuko peke yake. Alikuwa anaimba.

Mojirade alizishika bangili zake zisilie. Hakuthubutu kujigeuza kitini. Wimbo ulizunguka, ukapanda kidogo, ukashuka, na uliposhuka ulikuwa na jina ndani yake. "Ajoke," mumewe aliimba. "Ajoke, uliyebebwa na mikono mingi." Lilikuwa jina lake la sifa, ambalo bibi yake tu alikuwa akimwitia, na bibi yake alizikwa mwaka uliofuata harusi.

Miaka zaidi ya thelathini amepika kwa ajili ya mtu huyu, amemfulia, amegombana naye, wamezika wazazi pamoja. Na kumbe ndani yake kulikuwa na hiki.

"Unaimba," alisema. Neno lilimtoka dogo sana. Hakuwahi kujua kwamba ana sauti ya kiasi hicho.

Oyekanmi aliachia usukani kana kwamba una moto. "Nani?"

"Wewe."

"Siimbi."

"Umesema Ajoke."

Mzee alimtazama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Huwa... ni nikishika usukani. Kwenye lori la maji. Barabara ni ndefu, Mama Ibidun, mtu atafanya nini?"

"Miaka yote hiyo?"

"Mwanzoni hata nyumbani nilikuwa naimba." Alifuta usukani kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Lakini hukuwa unasikia. Nikaacha."

Wakakaa hivyo mpaka msichana alipofungua mlango, na kelele za Ibadan zikamwagika ndani kama maji ya bomba lililopasuka.

"Mnaonaje, mama?"

"Ni naira ngapi?" aliuliza Mojirade, akili hazijamrudia.

Msichana akataja bei. Oyekanmi alikohoa kwa muda mrefu.

"Kwa bei hiyo, binti yangu," alisema alipopata pumzi, "gari liwe linasonga na ugali wa amala."

Walitoka wakicheka wote watatu. Ila Mojirade, walipokuwa wakisubiri basi juani, alimshika mumewe mkono wa shati. "Nunua hilo tokunbo lako. Lakini nitachagua mimi."

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, wakiwa na fundi wao, Kamoru, aliyekuwa akilitengeneza lori la Oyekanmi enzi za kazi. Muuzaji, Muftau, mtu mcheshi mwenye kofia iliyoinama upande, aliwapokea kama shemeji zake.

"Mzee, hili hapa. Limeendeshwa na mwalimu wa kike huko ng'ambo, Jumapili peke yake, nyumbani na kanisani."

"Kila gari hapa limeendeshwa na mwalimu wa kike," alisema Kamoru, na kujilaza chini kutafuta kutu.

Mojirade hakutazama rangi wala magurudumu. Aliingia, akamwita mumewe, akaamuru milango ifungwe, vioo vipandishwe, gari liwashwe.

"Imba," alimwambia.

"Mbele ya watu?"

"Vioo vimefungwa."

"Mama Ibidun, wananiona midomo."

"Basi imba bila kufungua mdomo."

Oyekanmi, shingo imeingia mabegani kwa aibu, akavuma kidogo. Mojirade aliinamisha kichwa, akasikiliza, akafungua mlango. "Hapana. Hili linanguruma kama mimi."

La pili lilikuwa jipya zaidi, jeupe, na Kamoru alilipenda. Injini safi, giaboksi tamu, shokapu zote nzima. Lakini walipolizungusha nje ya uwanja, upepo ulipiga mluzi kwenye mpira wa mlango, na matairi yalilia kwenye lami. Wimbo ukapotea katikati.

"Mpira unabadilishwa, mama," alisema Kamoru. "Gari ni hili. Ungeniuliza mimi."

"Wewe tazama chini. Mimi nasikiliza."

Muftau alivua kofia, akajipepea. "Mama, naomba nikuulize kwa heshima. Unanunua gari, au unafungua kanisa?"

"Una jingine?"

"Yako mengi. Sauti ya mzee ndiyo itakayokwisha."

Hata Oyekanmi alicheka kwa hilo, na aibu ikampungua. Waliingia hili, wakatoka, wakaingia lile. Wauzaji wa viwanja vya jirani walisogea kutazama. Mmoja akaanza kupiga makofi ya kuitikia kila mzee alipotikisa kichwa nyuma ya kioo.

Lile walilolikuta mwisho lilikuwa limeegeshwa nyuma kabisa, rangi ya kijani iliyokolea, limebonyea kidogo mlango wa nyuma, viti vimepauka. Mojirade aliingia kwa uchovu tu. Milango ikafungwa. Palikuwa kimya. Alisubiri, huku mumewe amekaa, mikono kwenye usukani.

Alishusha kioo. "Muftau, mwambie huyu kijana wako alete ufunguo, gari liwashwe."

"Mama!" Muftau alishika kiuno. "Limeshawaka!"

Mojirade aliweka kiganja juu ya dashibodi. Chini ya vidole alihisi mtetemo mdogo, kama wa paka aliyeshiba. Alipandisha kioo polepole. Safari hii hakumwambia mtu aimbe. Oyekanmi alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta na mafuvu ya magari mengine, na wimbo ulianza wenyewe. Ulikuwa mwingine, ambao hakuusikia Ibadan siku ile. Kumbe alikuwa na nyimbo nyingi. Mojirade alifumba macho, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

Kamoru alipomaliza kupekua, alinyoosha mgongo. "Shokapu moja imekufa. Matairi yamekwisha, yote manne. Injini haina neno. Halijapata ajali. Lakini lile jeupe, mzee..."

"Tunachukua hili," alisema Oyekanmi.

Wakavutana bei na Muftau mpaka pande zote mbili zikadai zimeibiwa, wakapeana mikono.

Safari yao ya kwanza ilikuwa kwenda Ilorin kwa mapacha, siku ya Jumamosi, katikati ya harmatani, msimu wa upepo wa vumbi. Walitoka asubuhi kukiwa na ukungu wa kawaida wa vumbi. Kabla hawajafika mbali, upepo wa jangwani ulileta vumbi zito zaidi. Miti ikafutika, kisha kingo za barabara, kisha barabara yenyewe. Oyekanmi alipunguza mwendo, akawasha taa, akaingia pembeni taratibu na kuzima injini.

Kila upande palikuwa peupe. Jua lilikuwa duara dogo la rangi ya maziwa, unalitazama bila kupepesa. Hapakuwa na mlio wa kitu chochote. Mojirade alihisi kama wamewekwa ndani ya yai.

Walikaa. Oyekanmi hakuimba, maana hawakuwa wanaendesha.

"Baba Ibidun," alisema, kwa ile sauti yake ndogo ambayo bado alikuwa anajifunza kuishika. "Miaka yote ile. Kuna maneno uliyoniambia nikakosa kuyasikia?"

Mzee alifikiri. "Yapo."

"Niambie."

"Yote?"

"Tunakwenda wapi sasa hivi?"

Oyekanmi alitazama weupe ule, akacheka puani. Alikunjua goti lake kwa uangalifu. Akaanza na mwaka aliozaliwa Ibidun, aliposimama nyuma yake pale kwenye mashine na kumwambia jambo. Akaendelea na siku lori lilipokwama njia ya Iseyin. Akasema kuhusu kaburi la mama yake, na kuhusu nguo ya bluu, na kuhusu asubuhi moja isiyokuwa na chochote, ambapo Mojirade alikuwa ana unga kwenye nyusi. Alisema moja baada ya jingine, bila haraka, akisimama kukumbuka. Mojirade alikaa mikono mapajani, akivuta pumzi ndogo ndogo ili asifunike neno hata moja.

Hawakuona vumbi lilipoanza kupungua. Walipogeuka, hatua chache tu kutoka kwenye kioo cha Mojirade, palikuwa na mwanamke amekaa kwenye kigoda, na karai la mafuta, na viazi vikuu vya kukaanga vilivyopangwa juu ya karatasi. Alikuwapo muda wote huo. Aliwatazama, kidevu mkononi, kisha akanyanyua kipande kimoja kwa uma na kuwaonyesha, kama anayeuliza.

Mojirade akashusha kioo.