Minyaa kwenye Chungu

Nilitaka mti wa mapambo ambao mtaa wetu wote hapa Katoro hauna. Miashoki nimeichoka, iko kila geti. Lakini wa kuuchagua nilitaka awe mama yangu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Mama alikuwa kwangu tangu tulipomzika baba kule kijijini, upande wa Mhunze. Kila asubuhi nikishamwamkia, yeye na swali lake lilelile: "Narudi lini kwangu?" Nikimwambia hapa ni kwako, anaanza kukunja kanga zake. Niliogopa, jamani. Niliona siku moja nitatoka sokoni nikute kapanda basi, kaenda kukaa peke yake kwenye nyumba tupu.

Basi nikampeleka kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. "Mayu," nikamwambia mama, "chagua wewe."

Nilijuta! Kila mti aliuhoji utadhani umekuja kuposa.

"Huu unaliwa?"

"Hauliwi, mama."

"Mbuzi je, anakula?"

"Hapana."

"Sasa maji yangu unayanywa kwa kazi gani?"

Muuzaji jasho likamtoka. Mwisho akaleta chungu cha vijiti vitupu visivyo na majani, ncha zake nyekundu. "Hiki ni adimu, mama. Kimetoka Dar."

Mama akainama, akakodoa macho, kisha akapasuka kwa kicheko mpaka kanga ikamvuka begani. "Minyaa! Mmeitia minyaa kwenye chungu! Na rangi mmeipaka?"

Kwetu minyaa ndiyo ukuta. Inazunguka mji mzima wa familia, nyumba na zizi la ng'ombe, na hainunuliwi. Unakata tawi kwa jirani, unachomeka. Niliona haya mbele ya yule muuzaji, lakini mama yangu hakuwa amecheka tangu msiba. Ningenunua banda zima.

Nyumbani nikashika jembe, nikaanza kuchimba karibu na mlango.

"Yaya!" akanikataza kwa lugha ya kwetu. "Hapo watoto wataushika, utomvu uwaingie machoni." Akaenda jikoni, akarudi na kisu. Akaanza kukikatakata kimti changu.

"Mayu! Hilo ni pambo!"

"Pambo moja litazunguka wapi?"

Nikaweka jembe chini. Akavipanga vijiti kivulini, utomvu ukauke kwanza. Jioni akavichukua, akavichomeka kimoja kimoja kando ya waya wa uzio, kainama, kanga kaifunga kiunoni. Nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Ndipo nikakumbuka: kwetu mgeni atalima, atapalilia, hata kuvuna atavuna, lakini minyaa ya mji huchomekwa na mwenye mji.

Alipomaliza akajinyoosha, akashika kiuno, akautazama mstari wake.

"Mpaka inifike kifuani ni miaka," akasema. "Kuipunguza nitaipunguza mwenyewe. Wewe utaiharibu."

Nikaingia ndani, nikalia kwa furaha.