Kamba ya Kaka Mkubwa

Watu wa mlimani wakianza kunisimulia ujasiri wao, mimi hucheka tu. Nimewaona ndani ya mashua.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Bwana mmoja Mwingereza, mwenye shamba la kahawa chini ya kijiji cha Kilema kule mlimani, alileta mashua ya mashindano kwa treni kutoka Tanga akaitia Ziwa Jipe, dimbwi la matete na viboko, ili ashindane na mlowezi mwenzake. Mtu mwenye akili zake angecheza karata. Akanifuata Njoro, pale Moshi nilikokuwa nikiishi, nimfundishie mabaharia, kwa kuwa niliwahi kuhudumia mashua za wazungu huko Tanga. Ahadi yake ilikuwa hii: akishinda, mashua itarudi Tanga, na mimi nitakwenda nayo kuwa msimamizi wake.

Nilikubali kwa sababu ya msichana. Baba yake alikuwa ameipokea posa yangu kwa sharti moja, nipate kazi hukohuko Tanga. Binti yake hampeleki Moshi akafe kwa baridi. Basi kila nilipoitazama mashua ile niliona harusi yangu.

Mabaharia wenyewe sasa! Ndugu watatu wa nyumba moja, wachuma kahawa, ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa kumwagilia migomba. Hakuna aliyejua kuogelea. Yule mkubwa alikuwa na kitambi cha mbege, pombe yao ya ndizi, na kupanda ngazi ya stoo tu alikuwa akihema.

Nilitakiwa kuwafundisha tanga la mbele ambalo wazungu huliita spinaka: kubwa, jepesi, limeshonwa kwa hariri ya miavuli ya vita, hupandishwa upepo ukitoka nyuma. Linataka watu watatu wanaokwenda pamoja. Mmoja apandishe, mmoja ashike mti wa kulitanua, mmoja ashike demani, yaani kamba ya kuliongoza. Demani ikiponyoka, tanga linajisokota na safari imekwisha.

Nikasimika mlingoti katikati ya uwanja wa kuanikia kahawa, tukawa tunafanya mazoezi kila jioni. Nilipotaka kugawa kazi, wakanikatiza. Wakagawana wenyewe kwa Kichagga, kwa adabu nyingi, na mkubwa akachukua demani kwa kuwa niliropoka kwamba hiyo ndiyo kamba yenye kazi nzito. Kitambi kile! Nikawaacha. Siku alipokwenda kwenye zamu yake ya maji ya mfereji, demani ikabaki inaning'inia.

"Ishike wewe," nikamwambia mdogo wao.

"Hii ni ya kaka," akanijibu.

Nikadhani ni uvivu. Wiki zikapita, na pale ardhini wakawa wanalipandisha vizuri hata bwana akapiga makofi. Bwana yule alikuwa mwepesi wa kupiga makofi.

Siku ya mashindano tulikuwa mbele. Nasema tulikuwa mbele, na asitokee mtu wa kunibishia. Tukazunguka boya la mwisho, upepo ukaja nyuma, tanga likapanda, likatuna, na kwa dakika chache nikasahau kuwadharau. Mara kiboko akaibuka, mbali kabisa. Mkubwa akaruka kwa woga, akaanguka chali ndani ya mashua, demani ikamponyoka. Ikawa inachapa hewani mbele ya uso wa mdogo wake. Mimi nilikuwa nyuma na bwana, nimeshikilia kamba ya tanga kubwa, nisingeweza kufika.

"Ishike!" nikapiga kelele. "Ishike, wewe!"

Akaitazama. Akamtazama kaka yake anayejizoazoa huku ameshika kiuno. Kisha akainamisha kichwa isimchape. Tanga likajisokota kwenye mlingoti, mashua ikasimama, na yule mlowezi mwingine akatupita akituinulia kofia.

Tulipofika nchi kavu nilimkaba shati.

"Una mikono miwili. Kwa nini hukuishika?"

"Samahani, mwalimu," akasema, kwa upole ulionichefua. "Kwetu mbuzi akichinjwa, kidari cha kaka ni cha kaka. Asipokuwepo tunamtundikia darini mpaka arudi, hata kikioza."

"Kamba si nyama, mpumbavu wewe!"

"Ndiyo, mwalimu. Halafu kaka mwenyewe alikuwepo."

Bwana akaiuza mashua. Nikamtuma mjomba wangu Tanga, akamwombe yule mzee, baba wa msichana, anivumilie kidogo nitafute kazi nyingine. Mjomba aliporudi alinawa, akala, akashiba, ndipo akasema. Mzee alikuwa amechoka kungoja. Binti alikwisha kuolewa, na aliyemwoa ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye alikuwa na kazi yake bandarini palepale Tanga.

"Anakusalimu," mjomba akasema, macho yake sakafuni. "Anasema shikamoo, kaka."

Mpaka leo sijaitikia.