Himid wa Treni

Pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, duka la vitenge la Himid linajulikana sana, ila mwenyewe humkuti. Huyo bwana hajui kukaa! Kila mwaka hukusanya watu wa Bujumbura na Uvira, akawavusha hadi Kigoma kupanda mabehewa ya zamani, yanayotembeza wageni siku moja tu kwa mwaka kwenye reli ya Wajerumani, mpaka daraja la mto Malagarasi na kurudi. Miaka ishirini sasa. Akirudi, mkewe Maha husimuliwa wiki nzima habari za viboko na ndege weupe.

Mwaka huu Maha alisema naye anakwenda. Daktari alikuwa amemwambia macho yake hayatafika mwaka kesho, na treni hiyo alitaka kuiona kwanza. Himid akawakabidhi wasafiri wengine kwa mdogo wake Bader, watangulie jana yake, ili yeye amsafirishe mkewe kwa raha zake.

Raha gani! Njia nzima alimsumbua dereva, akagombana na foleni ya mpakani, akauliza maji yako wapi na yamo mkononi mwake. Walifika stesheni saa yake ikionyesha sita na nusu. Treni ni saa saba. Stesheni nyeupe, hakuna mtu. Mfagiaji akawaambia imeondoka nusu saa iliyopita.

Kigoma iko mbele ya Bujumbura kwa saa moja, na Himid huwakumbusha watu jambo hilo mpaka wanamchoka. Lakini saa ya mkononi mwake hakuwahi kuisogeza yeye. Maha ndiye aliyekuwa akiisogeza nyumbani kabla ya kila safari, mume akihangaika na mizigo. Safari hii Maha naye alikuwa na nguo zake za kukunja, akasahau.

Himid akawa anazunguka, anajilaani, anatafuta pikipiki waifukuzie treni, anaapa kwamba mwaka ujao watafika siku mbili kabla. Maha akamwambia akae.

"Mwaka ujao sitaona, Himid. Nisimulie tu. Pale darajani, maji yana rangi gani?"

Himid akakaa. Miaka yote hiyo alikuwa akipita behewa hadi behewa, akihesabu watu, akisukuma mizigo. Viboko na ndege aliwaokota vinywani mwa abiria. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka.

"Sijui. Mi sijawahi kuangalia."

Maha akamshika mkono.

"Basi mwaka ujao tunakuja. We utakaa dirishani, na apana kusimama."