Usingizi wa Dereva wa Kreni

Haron alikuwa dereva wa kreni kwenye mjengo wa fleti Kileleshwa. Foromani wake, Mutie, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkono wa Haron unaweza kuliweka yai juu ya ukuta lisipasuke. Kwa miaka mingi hakuna aliyemtilia shaka.

Kisha asubuhi moja, shehena ya mawe ikiwa inaning'inia angani, Haron akasinzia.

Mutie alimwita kwa redio. Akamwita tena, huku akiwapungia watu watoke chini. Upepo ulikuwa umeanza kuizungusha ile shehena, na fundi mmoja ndani ya shimo la lifti hakuwa amesikia chochote. Mutie alikimbia mwenyewe, akamvuta fundi huyo kwa ukosi wa shati. Huko juu Haron aligutuka, kidevu kifuani, asijue alikuwa amepotea kwa muda gani. Aliushusha mzigo salama, akateremka ngazi.

Mutie alimnusa mdomo mbele ya watu wote. Haron alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa amewahi kuonja pombe. Afadhali angepigwa kofi.

"Hunuki kitu," Mutie akasema. "Basi kuna kingine. Hupandi tena mpaka nijue ni nini."

Nyumbani Woodley, mkewe Nasimiyu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jambo ambalo hapo awali lilikuwa likimchekesha Haron: kwamba akilala hukoroma, halafu ghafla hunyamaza, kifua kikihangaika bila pumzi kuingia, hadi yeye amtikise ndipo aheme kwa nguvu kama mtu aliyeopolewa mtoni. Safari hii Haron hakucheka. Alisema huenda ni jinamizi, waombe. Nasimiyu akakubali waombe, kisha akampeleka kwa daktari mjini.

Daktari huyo, Janice, alimlaza akiwa amefungwa nyaya kifuani na kidoleni. Majibu yalipotoka alimweleza kwamba koo lake hujifunga akilala, pumzi hukatika, na mwili humwamsha kila mara bila yeye kujua. Kwa miaka mingi hakuwa amepata usingizi wa kweli. Tiba ilikuwa mashine ndogo ya kando ya kitanda, yenye bomba na barakoa, ya kusukuma hewa ili koo libaki wazi. Kila usiku.

Haron hakuiweza. Ile hewa ilimjaa usoni akahisi anazama. Kila kukicha barakoa ilikuwa sakafuni, na kichwa kinamuuma kama ilivyokuwa kila asubuhi. Siku zilivyosonga bila kazi akazidi kuwa mkali, hata kwa watoto. Mwishowe akaamka, akavaa buti na kofia ya mjengo, akasema anaenda kumwambia Mutie amepona.

Nasimiyu alisimama mlangoni.

"Baba Cate, ukimdanganya Mutie, nitampigia simu nimwambie ukweli."

"Utaniharibia kazi? Mimi mumeo?"

"Kazi itapatikana. Yule fundi wa shimoni ana mama yake."

Haron angeweza kumsukuma apite, na wote wawili walilijua hilo. Akaketi kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za buti.

Walirudi kwa Janice. Alimbadilishia barakoa, akampa ndogo ya kufunika pua tu, akairekebisha mashine ianze na hewa kidogo na kuongeza polepole. Akamtaka aizoee kwanza mchana akiwa macho, anasikiliza redio. Haron akatii, kwa shingo upande. Hatimaye alizinduka siku moja jua limeshapanda, barakoa ingali usoni, na kichwa chepesi hata akashangaa.

Janice alipoona kwenye mashine kwamba analala nayo kweli, alizungumza na Mutie. Mutie hakuharakisha. Alimpa Haron kazi za chini kwanza, akimtazama kutwa kama anayemlinda mwizi. Baadaye akamwonyesha ngazi ya kreni. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa nondo. Mutie aliwaondoa watu wote chini, akashika redio kwa mikono miwili mpaka nondo zikatua.

Haron bado anaendesha kreni. Woodley stima ikipotea usiku, mashine huzima naye hubaki macho kitini. Kukicha yeye mwenyewe humpigia Mutie simu kumwambia kwamba leo hapandi. Mutie hutafuta mtu mwingine, wala haulizi zaidi.