Simu Iliyolia Bibi Roza Ameshawasha Mishumaa

Ijumaa za utoto wangu zinanukia mkate. Si mkate wa dukani, la, ni ule wa mayai uliosukwa kama nywele, uliokuwa ukiiva kwa Bibi Roza, mlango unaotazamana na wetu katika ghorofa moja kuukuu pale mtaa wa Berea. Mama yangu, Mtanzania aliyesuka watu katika saluni mjini Durban, alikuwa akiutazama mkate huo na kusema Bibi angefaa kuajiriwa saluni kwao. Bibi Roza alikuwa Myahudi, mjane, mkali kwa watoto wanaokimbia kwenye ngazi, lakini mimi alinipenda bila kuficha. Ijumaa jua likitua, Sabato yake ikiingia, hakugusa taa wala simu mpaka kesho yake usiku. Wala dini yake haikumruhusu kuniomba nimgusie. Basi alikuwa na namna yake. Atakaa kitini, atashusha pumzi na kusema, "Mbona humu ndani kuna giza hivi!" Nami Zuhura, mtoto wa Kiislamu wa miaka tisa, nainuka nawasha. Tulielewana mno.

Mwaka huo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mjukuu wake Danieli alisafiri kwenda Jerusalemu kwa mara ya kwanza. Bibi mwenyewe hakuwahi kufika, ingawa aliutaja mji ule kila siku katika sala. Siku ya safari alimtia Danieli sarafu mkononi, akampe maskini huko, maana kwao mtu aliyetumwa kupeleka sadaka hulindwa njiani. Mama akasema sadaka hata sisi tunaijua, akaongeza ya kwake. Mimi nikatoa ya peremende, roho ikiniuma.

Jumatano redio ikatangaza kwamba bomu limelipuka Jerusalemu. Danieli alikuwa ameshafika huko, na simu yake haikuja. Alhamisi haikuja. Bibi alipiga kila namba aliyokuwa nayo, laini hazikushika. Ijumaa alikanda unga huku analia, na mkate ukatoka umepinda. Nilizikasirikia zile sarafu, nikaona tumedanganywa. Mimi na Mama tukaenda kukaa naye. Jua la majira ya baridi likakaribia kutua mapema, akawasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja na kukawia kuyafunua. Ndipo simu ikalia.

Lo! Bibi alisimama akaiangalia bila kusogea. Ikalia tena, na tena. Nilimtazama nikingoja maneno yake ya kuzunguka, hayakuja, nikaona anaogopa kuliko mimi. Mwishowe akauambia ukuta, "Simu hiyo ina kelele kweli." Nikaruka.

"Zuhura? Mbona unapokea wewe? Bibi yuko wapi?" Alikuwa Danieli! Nikapiga kelele mpaka Mama akaniziba mdomo. Nilipomwambia Bibi ameshawasha mishumaa, alisikitika, "Eish! Nimesahau huko ni baridi, jua linawahi kuzama. Huku bado linawaka." Jamani, mtu afike mji mtakatifu halafu asahau jua la kwao! Alikuwa mbali na bomu, ila simu za huko zilijaa watu, hakupata nafasi mpaka siku hiyo. Alikuwa ametoka kwenye ule ukuta wao wa kale wa kusalia, ameyagusa mawe, amelia bila kujua kwa nini. Sarafu zetu alimpa mama mmoja mzee aliyeketi hapo karibu. Yote hayo niliyarudia kwa sauti ya muuza samaki, ili Bibi asikie. Bibi akaniuliza mimi, wala si simu, "Amekula?" Nikamuuliza. Amekula. Hapo Bibi akaketi, akacheka na kulia kwa pamoja, na Mama naye vivyo hivyo. Moyo wangu ulitulia ghafla, njaa ikanishika. Tuliumaliza mkate wote uliopinda.

Siku hizi binti yangu anasoma mbali, na simu haimtoki mkononi. Ananitumia hata picha ya kikombe chake cha chai. Sidhani nahangaika kidogo kuliko Bibi Roza. Nikikosa jibu robo saa tu, nampigia. Alipokwenda Maka kwa umra nilimtia sarafu mkononi. Akacheka, "Mama, hii huko haitumiki." Nikamwambia abebe tu. Alipofika akapiga, uso wake umejaa kwenye kioo cha simu, Kaaba nyuma yake, machozi yanamtoka, anataka kunieleza alichokiona. Nikamkatiza.

"Umekula?"